Sato Wasiotuliwa na Nzi

Paka hakuamka.

Nyangi alimgusa kwa mwiko, akamgusa tena. Povu lilikuwa limekauka kwenye masharubu. Pembeni yake utumbo wa sato ulikuwa umebaki nusu, na juu yake hakukuwa na nzi hata mmoja. Hapo ndipo mliponiacha wiki iliyopita, wasomaji wangu, na hapo ndipo nilipokuwa bado nimesimama: mlangoni mwa jiko la mgahawa wangu wa Kona Nyekundu, Nyasho, Musoma, bakuli la pilipili mkononi, sijui niangalie paka au niangalie nyuma yangu.

Maana nyuma yangu, mezani, bwana afya Stanislausi alikuwa anamalizia kichwa cha sato yule yule.

“Jiwe,” aliniita kwa jina langu la ulingoni. “Pilipili iko wapi? Leo umenifurahisha. Nimekagua migahawa ya mtaa mzima, nzi mpaka wanaingia mdomoni. Kwako hata mmoja. Huu ndio usafi.”

Nilikuwa naangalia taya lake linavyotafuna.

“Dada,” nilimwuliza Nyangi kwa sauti ya chini. Nyangi ni dada yangu wa tumbo moja, ndiye anayepika hapa tangu mke wangu afe. “Nzi hawajatua toka saa ngapi?”

“Toka tunawapara magamba asubuhi. Nilishangaa. Siku ya ukaguzi ndiyo nzi wanakujaga wenyewe kama wamealikwa.”

“Na hukuona kama ni kitu?”

“Niliona ni baraka, Magesa. Nikamshukuru Mungu.”

Mimi nimepigwa na watu wa Mwanza, wa Tarime, wa Kisumu. Ngumi ikija unaiona, bega la mtu linaisema kabla mkono haujatoka. Hii sikuiona. Iliingia tumboni ikakaa huko huko.

Nzi hachagui. Anatua kidondani, anatua chooni, anatua kwenye jicho la mtoto. Nzi akimkataa samaki, samaki huyo ana dawa. Siku hizi ziwani wapo wanaomwaga dawa ya pamba, ile ambayo wakulima wa Bunda wanapulizia wadudu. Samaki wanaelea tumbo juu, wao wanaokota kama watu wanaookota kuni. Mwaloni, samaki wanakoshushwa, kila mtu anajua. Wakubwa nao wanajua. Sema mkubwa akipewa mfuko wake wa samaki, macho yanaingia mchanga.

Sato wale nilinunua kwa Gody, kijana wa Majita, mwalo wa Mwigobero. Siku zote Gody ananiletea samaki bado wanarukaruka. Asubuhi ile walikuja wamelala, midomo wazi. Nikasema labda ni joto.

Nilikwenda mezani nikavuta sahani.

“Unafanya nini?” Stanislausi aliuliza.

“Acha kula, mkuu.”

“Sijashiba.”

“Mkuu, paka amekufa.”

Alicheka. “Sasa mimi ni paka?” Halafu kicheko kikakatika katikati. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake, lakini jasho lilikuwa linamdondoka kwenye nyusi. “Paka alikula nini?”

“Utumbo wa huyo unayemla.”

Huyu bwana anakujaga kabla wateja hawajaanza. Anasema kukagua ni kuonja. Na siku ile tabia yake mbaya ndiyo iliyowaokoa watu wa Nyasho, maana alikuwa amekula peke yake. Nawaambia kama ilivyokuwa. Sijawahi kuona kiongozi akiwatumikia wananchi kuliko Stanislausi alivyotutumikia asubuhi ile, na yeye mwenyewe hakujua.

Alisimama, akashika meza. Mate yakaanza kumtoka yenyewe, yanashuka kidevuni kama ya mtoto anayeota meno. Nilimdaka akaniangukia begani, kama bondia aliyechoka anavyomkumbatia mwenzake asianguke. Nikamburuta mpaka kwenye bajaji.

“Jiwe, sikia,” alininong’oneza. “Wakiuliza, nilikuja kukagua tu. Sikula kitu. Ukisema nilikula kwako, nitaufunga huu mgahawa na wewe utaozea ndani.”

“Hospitali utawaambia nini?”

“Malaria.”

Mnawaona wanaotuongoza. Mtu anakufa, bado anachagua uongo wa kufia.

“Usimsikilize,” nilimwambia dereva wa bajaji. “Waambie amekula samaki wa sumu. Waambie hivyo hivyo.”

Nikarudi ndani, nikafunga mlango wa mbele. Nyangi alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani.

“Magesa,” alisema. “Lile beseni.”

“Beseni gani?”

“La Butiama.”

*

Siku ile ulikuwa unatimia mwaka tangu tumzike Ursula, mke wangu. Kwao Butiama walikuwa na misa ya kumwombea, na baada ya misa, chakula. Mimi hawakunialika. Lakini mwanangu wa pekee, Naomi, yuko kule kwa bibi yake Lukresia. Ana miaka saba. Nikasema siwezi kukaa kama jiwe kweli siku ya mama yake. Kulipopambazuka Nyangi alikaanga sato beseni zima, akalifunika kitambaa cheupe, tukampa Fred, dereva wa Noah, alipeleke.

Sato wa Gody. Sato wale wale.

Kwa nini hawakunialika? Kwa sababu wanasema mimi ndiye niliyemuua. Mume bondia, mke amekufa, nani atauliza zaidi? Wanasema ni ngumi. Ukweli ni kwamba Ursula alikuwa na mimba, damu ikaanza kumtoka, nikamfikisha kituo cha afya yuko hai, ananigombeza njia nzima kwa sababu nilimfunga kanga kinyume. Dawa ya kuzuia damu ilikuwepo. Ilikuwa stoo. Mwenye funguo ya stoo alikuwa semina. Semina ya nini sijui, labda ya kutunza funguo. Nilipotaka kuvunja ule mlango waliniwekea mgambo, wakasema ni mali ya serikali.

Hizi ngumi wanazozisema ziliwahi kuupa mji huu mkanda wa Kanda ya Ziwa. Mkanda wenyewe anao kiongozi mmoja wa chama cha ngumi, ameutundika ofisini anapiga nao picha. Kona Nyekundu ni kazi ya Ursula. Ndiye aliyeniambia, “Mikono yako itazeeka, baba Naomi, lakini tumbo la watu halizeekagi.” Akaanza na sufuria moja la supu ya samaki, mpaka tukapata meza, mpaka tukapata feni.

Sasa jiko lake lilikuwa linakwenda kuua ukoo wake.

Nilimpigia Fred.

“Nilishakabidhi, Jiwe. Mama mkwe wako mwenyewe alipokea. Alipiga kigelegele, akasema kumbe mkwe ana moyo.”

“Wamekula?”

“Walikuwa wanaenda misani. Beseni liliingia ndani kwa mama. Kwani vipi?”

Nilikata. Nikampigia Paschal, kaka mkubwa wa Ursula. Iliita, akakata. Nikapiga tena, imezimwa. Namba ya mama mkwe sina, na hata ningekuwa nayo nisingepiga. Kwetu mkwe hampigii mama mkwe simu. Hamtazami usoni, haingii chumba chake, hata salamu inapitia kwa mtu wa tatu. Tangu nimuoe Ursula, sikuwahi kuijua sura ya Bibi Lukresia. Naujua mgongo wake na kanga zake.

“Piga polisi,” Nyangi alisema.

“Niwaambie nini? Nimewatumia samaki wenye sumu watu wanaosema nilimuua dada yao?”

Dada yangu alinitazama, na machoni mwake nikaona kitu ambacho sikukipenda. Alikuwa ananiogopea kama mtu aliyeshafungwa.

“Basi nenda,” alisema. “Nenda tu, baba Naomi.”

*

Nilipita Bweri pikipiki inalia kama inachinjwa. Kila nilipomeza mate nilijipima: je, yananitoka yenyewe? Niliwaonja wale samaki asubuhi? Sikumbuki. Mkono ulikuwa unatetemeka kwenye usukani wa pikipiki, sikujua ni hofu au ni dawa.

Makutano wamefunga barabara.

Basi la Bunda limesimama, malori yamesimama, akina mama wa mabeseni wamekaa chini kwenye kivuli cha lori. Katikati yuko trafiki, miwani nyeusi, mkono juu.

“Zima pikipiki.”

“Afande, nina dharura.”

“Msafara unapita. Dharura itasubiri.”

“Msafara wa nani?”

“Wa mkubwa.”

“Mkubwa gani?”

“Ukiona magari mengi, huyo ndiye mkubwa.”

Abiria wa basi wakacheka. Mimi nilishuka, nikamsogelea.

“Afande, kuna watu watakufa Butiama. Kuna mtoto.”

Alivua miwani akaniangalia vizuri, na uso ukamfunguka. “We mura, si ndiye Jiwe? Jiwe wa Nyasho? Nilikuona Bunda, mvua inanyesha, unamlaza yule Msukuma raundi ya pili.” Akamwita mwenzake. “Njoo umwone Jiwe. Lete simu tupige picha.”

“Afande.”

“Mbona unatetemeka hivyo, mtu mzima?”

“Kumbe hata jiwe linatetemekaga,” mama mmoja alisema dirishani mwa basi, wenzake wakamshika mabega kwa kicheko.

Barabara ilikuwa mbele yangu, pana, nyeusi, tupu. Tumeijenga kwa kodi zetu, na saa ile hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga. Nilifikiria Naomi anarudi kutoka kanisani. Anapenda kichwa cha sato. Anayafuata macho ya samaki kwanza, anayatumbua kwa kidole, anasema ni peremende.

Nikapanda pikipiki, nikaigeuza, nikaingia shamba la mihogo.

Filimbi ililia nyuma yangu. Sikugeuka. Mihogo ilinichapa usoni, mtaro ukanitupa, nikanyanyuka, nikawasha tena. Niliipata njia ya ng’ombe, nikatokea barabara ya Butiama mbele zaidi, na wa kwanza kuonana naye alikuwa mwanamke wa kwaya, sare bado iko mwilini.

“Mama, misa imeisha?”

“Kitambo, baba. Leo padre alikuwa na haraka, mahubiri dakika mbili. Naye anawahi kupokea msafara.”

Mnaelewa? Msafara ule ule ulionizuia mimi ndio uliowaharakisha wao mezani.

*

Harufu ilinipokea kabla ya watu. Nyanya na kitunguu vinaungua kwenye mafuta. Walikuwa wanawarosti sato wangu.

Chini ya turubai la bluu viti vilikuwa vimejaa. Wali umeshapakuliwa. Nilitupa pikipiki chini nikaingia uani, na Recho, mdogo wake Ursula, ndiye aliyeniona kwanza. Hakusalimia. Alisema tu, “Amekuja,” na uwanja wote ukageuka.

Paschal alisimama akaja kunizibia njia. Mtu mrefu, shati la misa, mikono ikinukia sabuni.

“Ishia hapo hapo, shemeji. Hatukukuita.”

“Najua. Samaki wameshaliwa?”

“Umetoka Musoma kuja kuulizia samaki?”

“Shemeji, wameshaliwa?”

“Wali ndio unaliwa. Samaki ziko ndani kwa mama, zinaungwa. Kwani unataka kuzihesabu?”

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Nyasho. “Naomba msile. Zimeharibika.”

“Nimezinusa mwenyewe. Ziko sawa.”

“Ziko sawa kabisa,” Recho alidakia. “Mimi ndiye niliyefunua kitambaa. Hata nzi hazikuwa nazo. Nilishangaa, uani kote nzi wamejaa, kwenye beseni hata mmoja.”

Nilimgeukia.

“Recho,” nilisema. “Mwombe mama anirudishie beseni.”

Nilishasema kabla sijafikiri. Watu wakaangaliana. Kwetu chakula ulichopeleka ukweni hakirudi. Ukikidai, umesema huyu mke sikuoa na hawa siwajui. Na mimi nilikuwa nakidai siku ya kumbukumbu ya mke mwenyewe, mbele ya waliomzika.

Recho aliingia ndani. Alipotoka alikuwa analia kwa hasira.

“Mama anasema mwambieni mkwe, chakula hakirudi. Anasema umekuja kumvua mwanawe sanda.”

“Sikia, Recho.”

“Hapana, wewe ndiye usikie,” Paschal alisema. “Mtu hadai chakula chake bila sababu. Kuna kitu unakijua. Basi tufanye kama wazee walivyokuwaga wanafanya. Aliyeleta ndiye anaanza kula, tunatoka wasiwasi. Recho, leta kipande.”

Kililetwa kwenye sahani ya bati. Mkia wa sato, nyanya juu, mvuke unapanda. Wote walikuwa wameacha kula. Kulikuwa na mzee ana tonge mkononi, halipandi wala halishuki.

“Kula, shemeji,” Paschal alisema.

Nikila, nakufa mbele ya mwanangu. Nikikataa nikanyamaza, wataona ni kiburi tu, watakula wao. Nikisema neno lenyewe, nimekiri kosa ambalo sikulitenda, na nimekiri kwa watu waliokuwa wanalisubiri mwaka mzima.

“Mbona hushiki? Au hiyo mikono inajua kupiga tu?”

Ulingoni niliogopa mara nyingi, usidanganywe na bondia anayesema haogopi. Lakini ulingoni kuna refa. Ukianguka, yupo wa kumzuia mwenzako. Pale nilizungusha macho nikatafuta refa, sikumwona.

“Wana sumu,” nilisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Nilisikia viti vya plastiki tu, vinarudi nyuma vyote kwa pamoja.

“Amesema kwa mdomo wake,” Recho alisema taratibu. “Alianza na dada. Sasa ni sisi.”

“Sikujua, Recho. Paka wangu amekufa, bwana afya yuko hospitali, nimekuja mbio kuwaambia.”

“Ulijua. Ndiyo maana hukuja misani.”

“Hamkunialika.”

“Kwa hiyo asiyealikwa anatuma sumu?”

Kijana mmoja wa machimbo ya Buhemba alitoka nyuma ya turubai na mpini wa sururu. Wengine wakainuka. Mikono yangu ikataka kupanda yenyewe, gadi ya kujikinga uso, kama ilivyofundishwa tangu utoto. Nikaishusha kwa nguvu. Nikiinua ngumi uani pale, nimewapa ushahidi walioukosa kwenye jeneza la Ursula. Kofi la kwanza lilinikuta sikioni, nikalipokea. La pili la Paschal, mdomoni. Damu yangu ilikuwa na chumvi, na nilifurahi, maana ilikuwa damu na siyo mate.

“Naomi yuko wapi?” niliuliza.

“Usimtaje mtoto wetu,” Recho alisema.

“Recho, watoto wote wako pale kwenye mkeka. Naomi simwoni. Yuko wapi?”

Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa nyumba ya mama yake, yakarudi haraka, na uso ukabadilika rangi.

Nikawapita. Mpini ulinipata bega, sikuusikia. Wanawake walipiga ukelele walipoona ninakokwenda, maana sumu ni sumu, lakini mkwe kuvuka kizingiti cha mama mkwe ni jambo ambalo hata mwehu haligusi.

Nikakivuka.

*

Ndani kulikuwa na mwanga kidogo na moshi mwingi. Bibi Lukresia alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, sufuria linachemka, beseni langu liko miguuni pake na kitambaa chake cheupe. Aliposikia kiatu cha mwanaume alijifunika kanga uso mzima akageukia ukuta. Mimi nami, kwa mazoea, nikageukia mlango. Tukawa tumepeana migongo, kifo kiko katikati yetu kinachemka.

“Nisamehe, mama. Naomi yuko wapi?”

Akaanza kusema na ukuta, kama vile kuna mtu wa tatu chumbani wa kumpokelea maneno.

“Mwambieni mkwe atoke.”

“Nitatoka. Mtoto yuko wapi?”

“Mwambieni mtoto amelala.”

“Mchana huu?”

“Mwambieni amerudi misani na njaa, nikampa kichwa. Mtoto wa marehemu ndiye anayeonja kwanza sahani ya mama yake, wengine wanafuata. Ndivyo ilivyo hapa. Ameonja, akasema ana usingizi.”

Nililing’oa pazia la chumba na msumari wake.

Naomi alikuwa kitandani na gauni lake jeupe la kanisani, viatu bado viko miguuni. Mto ulikuwa umelowa. Mate yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo bila kukoma, na paji la uso lina jasho kama ametolewa ziwani. Nilimwita. Akafungua macho. Mboni zilikuwa ndogo, ndogo kama tundu la sindano.

“Baba,” alisema. “Mbona wamezima taa?”

Jua lilikuwa linaingia dirishani, limemlalia usoni.

Nikamnyakua. Alikuwa mzito na mlegevu, miguu inapigapiga mapaja yangu. Nikakimbilia mlango wa nje, na kabla sijaufikia ukafungwa kwa kishindo. Nikasikia kufuli inabanwa.

“Tumemfungia,” sauti ya Paschal ilisema. “Mpigieni mtendaji. Mpigieni na polisi.”

“Shemeji, fungua. Naomi amekula samaki.”

Recho alianza kulia kwa sauti, na wengine wakampokea.

“Nani amemlisha?” Paschal aliuliza.

“Fungua kwanza. Tumpeleke hospitali, mtanifunga nikirudi.”

“Umeingia chumbani kwa mama yangu ukamlisha mtoto. Huo mlango haufunguliwi mpaka serikali ifike.”

Na serikali yote, kuanzia mtendaji mpaka mgambo wa mwisho, ilikuwa barabarani imevaa vizuri inasubiri magari.

Niliupiga mlango. Ule ni mlango wa chuma, alinunua Ursula mwenyewe amwekee mama yake salama. Niliupiga kwa mkono wa kulia, ule uliowalaza watu, vidole vikalia kama vijiti. Madirisha yana nondo. Naomi alianza kukoroma begani mwangu, mkoromo wenye maji ndani yake.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lingefungua kufuli ile. Mmoja tu aliyejua ni mkono wa nani uliompa mtoto kile kichwa. Na akilitamka, amekiri kwamba mkono huo ni wake.

“Mama,” nilisema, na safari hii sikugeukia mlango. “Waambie.”

Bibi Lukresia alikaa vile vile, amefunikwa. Halafu mkono wake ukapanda polepole ukaivuta kanga. Ilianguka mabegani. Akageuka akanitazama usoni, na mimi nikamtazama, na nilitaka kuinama lakini shingo ilikataa. Macho yalikuwa ya Ursula. Yale yale kabisa, yamezeeka tu.

“Mama?” Paschal aliita kutoka nje. Sauti yake ilikuwa imeanza kuogopa. “Mama, uko salama humo? Sema wewe. Nani amemlisha mtoto?”

Alimwangalia Naomi. Aliangalia vidole vyake mwenyewe, vina mafuta ya samaki mpaka kwenye kucha. Na hapo ndipo nilipoona pembeni ya sufuria kijiko cha mti, na kwenye kijiko mchuzi, na alama ya mdomo wa mpishi aliyeonja chumvi.

Akafungua mdomo amjibu mwanawe.

Neno halikutoka. Yalitoka mate. Yakashuka kidevuni, yakadondoka kwenye kanga, na yeye akawa anayaangalia kwa mshangao, kama vile si yake. Kisha kigoda kikapinduka.

“Mama,” Paschal aliita, na kufuli ikatikisika. “Mama, mbona hujibu?”